Mashine Iliyomkatia Mzee Hhando Salamu

Mzee Hhando amemaliza salamu zake zote kwenye simu na mashine haijamkatia! Zote kabisa, za nyumbani, za mvua, za ng'ombe mpaka za ndama, tena mbele ya mkutano mzima wa wafugaji wa Endasak, watu wanaona kwa macho yao. Kama huoni cha kushangilia hapo, kaa kidogo. Hii habari inaanzia kwa Imakulata, na Imakulata mwenyewe anaanzia kwenye hasira.

Imakulata, wengi wanamwita Mama Yonas, ni karani wa kikundi cha wafugaji. Kikundi kina ofisi ya chumba kimoja pembeni ya josho, sola juu ya bati, friji ndogo ya chanjo, na wataalamu wawili wa mifugo wenye pikipiki: Gerald anakaa hapo hapo Endasak, Fabiola anakaa Masakta. Ng'ombe wako akiugua unapiga namba ya kikundi, mmoja wao anakuja. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi ukutani. Ilivyokuwa kweli ni kwamba laini ya kikundi iliishi mfukoni kwa Gerald, miaka sita.

Na Gerald kazi anaijua, usiseme. Mkono wake ukiingia kwa ng'ombe aliyekwama kuzaa, ndama anatoka. Shida yake ni kwamba anaangalia jina kwenye kioo kwanza. Mwenye ng'ombe mia anapokelewa mlio wa kwanza. Mwenye ng'ombe mmoja anaita mpaka kidole kinachoka.

Imakulata alikuwa na ng'ombe mmoja. Kaka zake walimswaga kutoka kwao Bashay, siku tatu njiani, wakamletea baada ya mume wake kufariki, ili watoto wapate maziwa. Mwekundu, doa jeupe begani. Mwaka juzi akawa anazaa na ndama amekaa vibaya. Imakulata akapiga namba ya kikundi mara kumi na tisa. Ilikuwa inaita vizuri tu. Ng'ombe akafa saa nane mchana, ndama ndani, simu iko sikioni kwa Imakulata na bado inaita. Gerald alikuwa Katesh anakula nyama choma na mtu mwenye mifugo mingi.

Kesho yake alipita akasema, "Pole, dada. Sikuiona namba yako."

Toka siku hiyo Imakulata hajawahi kumpa Gerald jibu linalozidi maneno matatu. Jirani anasema siku ile alipasua kuni za mwezi mzima kwa jioni moja, na kuni zenyewe hakuwa anazihitaji.

Miezi kadhaa baadaye ukaja mradi mmoja wa mifugo, wa wiki mbili, ukaacha kompyuta ndogo kama ukubwa wa Biblia na kikasha cha kuchomekea laini mbili. Ndani yake kuna programu ya bure ya kuendesha simu, ile ambayo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuichukua na kuibadilisha anavyotaka. Mtu akipiga namba ya kikundi, mashine inapokea kwa laini ya kwanza, halafu yenyewe inampigia mtaalamu wa zamu kwa laini ya pili na kuwaunganisha. Wa zamu asipopokea, inampigia mwingine. Mashine haijui nani ana ng'ombe mia na nani ana mmoja. Imakulata aliposikia hiyo sentensi ya mwisho, akasema mwenyewe, bila kuulizwa, "Nitaisimamia mimi."

Fundi wa mradi anaitwa Pascal, kijana wa mjini, miwani juu ya kichwa. Alifunga mashine siku mbili, haikuwa hata imekamilika, akamwachia karatasi yenye mistari mitatu ya amri.

"Ikisumbua unafanyaje?" Imakulata akamuuliza.

"Haisumbui, dada. Ukiona imegoma, izime, iwashe."

Wiki ya kwanza ikagoma. Akaizima, akaiwasha, ikagoma tena. Akampigia Pascal. Pascal akasema yuko kwenye kikao. Kesho yake alikuwa kwenye kikao. Siku ya tatu akapokea: "Dada, hiki kitu watu wanasomea chuo. Siyo cha kujifunzia kwenye simu ya mkononi. Waachie wenyewe."

Hapo ndipo Pascal alipokosea. Kama angesema tu hana muda, Imakulata pengine angekata tamaa. Lakini alimwambia waachie wenyewe.

Akanunua daftari la kurasa mia mbili, akaandika juu yake MAKOSA. Kila mashine ilipomtupia ujumbe wa Kiingereza, aliuandika herufi kwa herufi, kalamu ikizama mpaka ukurasa wa nyuma unasomeka kwa vidole. Kidato cha nne alimaliza, Kiingereza cha kuombea kazi anacho, ila hiki kilikuwa cha watu wengine. Mwongozo ulikuwa mrefu, na kila ukurasa uliandikwa kama vile wewe tayari unajua ule unaofuata. Neno moja linalomaanisha njia ya laini ya simu, programu ya tafsiri kwenye simu yake ikamwambia ni mkonga wa tembo. Jioni nzima akawa anatafuta tembo anaingiaje kwenye kompyuta ya Endasak.

Akaingia kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wanaotumia programu hiyo. Akauliza swali, akaomba radhi kwa Kiingereza chake. Akajibiwa na watu watatu. Wa kwanza: soma mwongozo. Wa pili: swali hili limeshajibiwa, tafuta. Wa tatu aliweka picha ya mtu anacheka.

"Wamenicheka," akamwambia Fabiola kwenye simu.

"Nani?"

"Siwajui. Watu wa dunia."

Kibaya kuliko vyote zilikuwa siku nne ambazo hazisahau. Alikuwa anafungua faili la maelekezo, anabadilisha mstari, anahifadhi, anapiga simu kujaribu, hakuna kilichobadilika. Anabadilisha tena. Hakuna. Siku nne, anafuta na kuandika, anafuta na kuandika, anasema anarogwa. Kumbe ukishabadilisha faili lazima uiambie mashine isome upya. Amri moja, maneno mawili. Mwongozo ulilitaja hilo ukurasa mwingine kabisa, katikati ya sentensi, kama jambo ambalo hata mtoto analijua. Imakulata akafunga ofisi, akaenda shambani kwake kung'oa magugu kwenye maharage, na inasemekana na maharage kidogo yalienda.

Lakini ikawaka. Ikabaki sauti ya kumpokea mpigaji. Pascal alikuwa ameacha ya Kiingereza, ya mwanamke anayeongea kama yuko uwanja wa ndege. Imakulata akarekodi ya kwake. Na hapo ukumbuke amelelewa Bashay. Hawezi, hata umshikie panga, kumpokea mtu mzima simu na kuanza kumwambia bonyeza moja. Akarekodi hivi: "Shikamoo. Hapa ni kikundi cha wafugaji. Kama mnyama anaumwa, bonyeza moja. Kama unauliza josho, bonyeza mbili." Mashine ikaikataa sauti hiyo mara sita kwa sababu ilikuwa nzuri mno, yenyewe inataka sauti duni, ya kiwango cha simu. Akaipunguza, ikakubali. Akajisikia amemaliza.

Wiki haijaisha, wazee wakaanza kuja ofisini na fimbo.

Wa kwanza alikuwa mwenyekiti mwenyewe, Mzee Hhando, mtu wa shuka jekundu na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alisimama mlangoni, hakuketi.

"Shikamoo mzee," Imakulata akasema.

"Usiniamkie. Mashine yako nayo huwa inaniamkia."

"Imefanyaje, mzee?"

"Imenikatia. Mara tatu. Mtu anakuamkia, unamwitikia, unamuuliza wa kwao, anaondoka. Hata mbwa hafanyi hivyo. Mbwa anakaa mpaka umalize."

"Mzee, ulibonyeza namba?"

"Nibonyeze nini wakati tunasalimiana?"

Imakulata, kwa vile alikuwa na hasira zake za miezi mitano ya kuhangaika na mashine, akamjibu vibaya. Akasema mashine haina kosa, kosa ni la anayeitumia. Yaani akasema maneno kama ya Pascal, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa mzee. Akayasikia yakitoka, lakini yalikuwa yameshatoka.

Mzee Hhando akageuza fimbo. "Jumamosi kuna mkutano. Itang'olewa. Laini atarudishiwa Gerald, yeye ana mdomo wa mtu."

Na Gerald naye alikuwa anazunguka vilabuni na kisimani akisema mashine ni mbovu, yeye wiki zake za zamu hapigiwi kabisa, kila kitu kinaenda kwa Fabiola. "Mimi niko tayari na pikipiki ina mafuta," anasema, "ila hiyo takataka hainiiti."

Kwa hiyo Imakulata alikuwa na Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Baada ya hapo laini inarudi mfukoni, na kila mwenye ng'ombe mmoja atakuwa anaita mpaka saa nane mchana.

Jumatano akafungua orodha ya simu zote zilizoingia, mashine inaziandika yenyewe na muda wake. Akaweka kidole. Sekunde kumi na nne. Kumi na nne. Dakika mbili. Kumi na nne. Kumi na nne. Zile ndefu zilikuwa namba za vijana. Zile za kumi na nne zote zilikuwa za wazee, hata moja haikuzidi.

Hapo hakupasua kuni. Alipanda bodaboda mpaka bomani kwa Mzee Hhando. Akamkuta anakagua kwato za dume. Akapiga goti kidogo.

"Mzee, nilikukosea kwa maneno. Nimekuja kuomba unisamehe, na nimekuja kukuuliza kitu."

"Cha kwanza nimesikia. Uliza."

"Mimi nitakuwa mashine. Wewe unanipigia. Fanya kama unavyofanyaga."

Mzee akamwangalia kama anaangalia ugonjwa ambao hajawahi kuuona. Halafu akaweka kiganja sikioni, kweli kabisa.

"Shikamoo," Imakulata akasema. "Hapa ni kikundi cha wafugaji. Kama mnyama anaumwa..."

"Marahaba, mwanangu," mzee akaingilia pale pale. "Hamjambo hapo? Watoto wazima? Na mvua huko imefika, maana huku imetuonyesha mgongo tu? Haya. Na ng'ombe wanakula? Yule ndama wa..."

Imakulata alikuwa anahesabu vidole nyuma ya mgongo. Alipofika kwenye ndama, sekunde zilikuwa zimeisha. Pale ndipo mashine ilipokuwa inakata. Nusu ya maelekezo mzee hakuyasikia, kwa sababu alikuwa anaitikia. Na hawezi kubonyeza kitu, kwa sababu huwezi kuanza shida yako salamu haijaisha. Na aliyeanzisha salamu ni nani? Ni yeye Imakulata. Ameweka shikamoo kwenye mashine isiyojua kusubiri.

"Basi?" mzee akauliza. "Umeshakata?"

"Nimekata, mzee."

"Unaona ilivyo tabia mbaya."

Njia nzima ya kurudi alijitukana mwenyewe, dereva wa bodaboda akadhani anatukanwa yeye akaongeza mwendo. Kitu rahisi kilikuwa kufuta shikamoo. Pascal angefuta. Imakulata akasema hapana, mashine ndiyo ijifunze adabu, siyo mzee asahau ya kwake.

Alhamisi nzima alikuwa kwenye mwongozo. Safari hii hakuuliza mtu jukwaani. Akaipata amri moja, imejificha chini kabisa ya orodha ndefu, kazi yake ni kuifanya mashine isikilize mpaka anayeongea anyamaze, ndiyo iendelee. Akairudia kuisoma mara nne. Akarekodi upya, vipande vipande. "Shikamoo." Subiri anyamaze. "Habari za nyumbani?" Subiri. "Na mifugo?" Subiri. "Haya, nakupeleka kwa mtaalamu wa zamu." Namba za kubonyeza akazifuta zote. Akaiambia mashine isome upya, hilo sasa halisahau hata usingizini.

Ijumaa asubuhi akamwomba Fabiola ajaribu akiwa Masakta, ajifanye mzee. Fabiola akapiga. Akakaa. Baadaye akapiga kwenye simu ya Imakulata mwenyewe.

"Nimesema marahaba mara tano. Mashine yako imekaa kimya kama mkwe."

"Uko wapi?"

"Niko kwenye boma la watu, nachanja."

Nyuma yake upepo unavuma, kengele za ng'ombe zinalia, dume linaunguruma. Mashine ilikuwa inasubiri ng'ombe wa Masakta wanyamaze. Imakulata akatamani kuitupa dirishani. Akafungua daftari la MAKOSA, akaandika: NG'OMBE HAWANYAMAZI. Halafu akairudia ile amri na kuona unaweza kuipa na kikomo, ikifika sekunde kadhaa iendelee hata kama kuna kelele. Akaweka ishirini kwa kila salamu. Akaweka pia, mtaalamu asipopokea au akikata, ipige kwa mwingine bila kumrudisha mzee mwanzo.

"Piga tena."

Fabiola akapiga kutoka katikati ya ng'ombe. Ikapita.

Jumamosi watu walijaa, wamekaa kwenye ukuta wa josho na kwenye mawe. Gerald alikaa mbele, shati limepigwa pasi, simu yake juu ya goti. Wiki hiyo ndiyo ilikuwa zamu yake. Mzee Hhando hakuzungusha maneno.

"Mashine ing'olewe, laini apewe Daktari Gerald. Kuna mwenye neno?"

Imakulata akasimama. "Mzee, naomba upige mara moja. Halafu mng'oe."

"Nimeshakatiwa mara tatu. Unataka nikatiwe ya nne mbele ya watu?"

"Ndiyo, mzee. Mbele ya watu."

Watu wakacheka. Gerald akasema, "Dada, muda wa wazee ni mali."

"Wewe kaa," Imakulata akamwambia. Maneno mawili.

Mzee Hhando akatoa simu yake ya vitufe kwenye shuka, akapiga, akaweka sauti ya nje, akaishika juu kama anaonyesha chupa ya dawa.

"Shikamoo," ikasema sauti ya Imakulata, na Imakulata mwenyewe amesimama pale mdomo umefungwa. Bibi mmoja akamgusa mkono kuhakikisha.

"Marahaba," mzee akasema kwa ukali. Akanyamaza, anaisubiri ikate.

"Habari za nyumbani?"

Mzee akawaangalia watu. "Nzuri. Watoto wazima, mama yao mguu unamsumbua kidogo. Mvua ndiyo hiyo, imekuja ikarudi." Akanyamaza tena.

"Na mifugo?"

Pale uso wake ukalegea. Akaongea. Akataja dume la kwato, mitamba mitatu, ndama aliyezaliwa Jumanne, majani ya bondeni. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza akavuta pumzi, na mashine ikasema, "Haya, nakupeleka kwa mtaalamu wa zamu."

Simu ya Gerald ikaita juu ya goti lake.

Aliiangalia, na kidole kikaenda chenyewe, kwa mazoea, kikabonyeza chekundu. Mkutano mzima ukaona. Kwenye kioo paliandikwa Mashine, alikuwa ameihifadhi hivyo, na waliokaa nyuma yake wakasoma kwa sauti.

Kwenye simu ya Mzee Hhando ikalia mara mbili, halafu ikatoka sauti ya Fabiola na upepo wa Masakta. "Shikamoo mzee, Fabiola hapa. Mnyama ana nini?"

"Marahaba, mwanangu. Dume langu, kwato. Subiri kwanza." Akaishusha simu. "Gerald. Ni mimi uliyenikatia."

"Mzee, nilijua ni mashine tu."

"Ulisema haikuiti."

Gerald akaanza kuelezea kuhusu mtandao. Nyuma yake mtu akasema, "Mimi niliita mwezi wa pili, mbuzi wangu wanne wakafa." Mwingine akasema wa kwake alikuwa mwezi wa nne. Wakaanza kutaja, mmoja mmoja, bila kupaza sauti, mnyama na mwezi. Imakulata alikuwa na wa kwake, mwekundu mwenye doa jeupe. Hakumtaja.

Mashine haikung'olewa. Mzee Hhando aliagiza itengenezewe kasha la mbao lenye kufuli, ufunguo akampa Mama Yonas. Gerald bado yuko kazini, anatibu vizuri kama zamani. Tofauti ni kwamba akikata, inaandikwa, na kila Jumamosi orodha inasomwa. Wiki iliyopita alimsalimia Imakulata, akamwambia kasha ni zuri. Akajibiwa, "Asante. Pokea simu." Maneno matatu, bado.

Imakulata amelinakili daftari la MAKOSA lote kwa Kiswahili cha kawaida, kuanzia ile amri ya kuiambia mashine isome upya, mpaka ng'ombe wasionyamaza. Ukurasa wa kwanza ameandika kwamba hakuna swali la kuchekwa humo. Analitoa bure kwa yeyote anayefika ofisini pale josho la Endasak na kuliomba. Basi, kama unamjua mtu anayehangaika na programu hizi za simu na ameshaambiwa awaachie wenyewe, mtumie hii.